Ndege wa Calcutta: sifa ni ya mnunuzi au ya mchoraji?

Mwaka 1777 Mary Impey, mke wa Jaji Mkuu wa Calcutta Elijah Impey, alianza kuwaajiri wachoraji kutoka Patna, mji wa Bihar, wawachore ndege na wanyama aliowafuga nyumbani kwake. Alitangulia Sheikh Zain ud-Din, kisha wakaja Bhawani Das na Ram Das. Familia ilipoondoka India mwaka 1783, michoro ya rangi za maji ilikuwa imezidi 300, zaidi ya nusu yake ikiwa ya ndege.

Wanaomsifu Bi Impey wana hoja ya kweli. Wachoraji wengi wa London walichora ndege wa mbali kwa kutazama mizoga iliyokaushwa, ambayo macho na miguu yake ilikwisha kupoteza rangi. Yeye aliwapa wachoraji wake ndege hai, akataka wachorwe kwa ukubwa wao halisi kila ilipowezekana, na majina ya wachoraji yakaandikwa kwenye karatasi. Wakusanyaji wengi wa enzi ile hawakujali hilo hata kidogo.

Lakini fedha zilitoka wapi? Mshahara wa jaji ulilipwa kwa mapato ya Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyotawala, kutoka Bengal na Bihar, nchi zilizokuwa zimetoka tu kwenye njaa kuu ya 1770. Jaji huyohuyo ndiye aliyeongoza kesi ya Nandakumar, afisa wa kodi wa Bengal, aliyenyongwa mwaka 1775 kwa kosa la kughushi.

Hoja inayonigusa zaidi, hata hivyo, ni ya ustadi. Jicho lile halikuletwa na Waingereza. Zaidi ya karne moja kabla, Ustad Mansur alimchorea Jahangir, mfalme wa Mughal huko India, ndege na wanyama kwa uangalifu uleule, akiwemo punda milia aliyefika kutoka Ethiopia mwaka 1621. Zain ud-Din aliirithi sanaa hiyo, akaihamishia kwenye karatasi ya Kiingereza. Ukitazama anavyopanga unyoya mmoja mmoja, utaona ni mtu aliyekwisha kufuzu kabla ya kuajiriwa.

Elimu ya ndege ikamtuza mwingine. Mwaka 1790 John Latham, mtaalamu wa ndege wa Kiingereza, alimpa ndege mmoja wa Himalaya, mwenye manyoya yanayong'aa kama shaba, jina la kisayansi la impejanus, kwa heshima ya Bi Impey. Michoro yenyewe ilipigwa mnada London mwaka 1810, ikatawanyika, na hadi leo hutambulishwa kwa jina lake. Simnyimi haki yake, maana bila yeye karatasi hizo zisingekuwepo. Ila makumbusho yanayozihifadhi yangeanza na jina la mchoraji, kwa hati ya Kiajemi kama lilivyo kwenye karatasi, la mnunuzi likafuata.