Gausi 15,000 za nini?

Kampuni ya saa ya Omega ilipotangaza mwaka 2013 saa inayostahimili sumaku ya zaidi ya gausi 15,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), mashabiki wengi waliona ubishi wa namna bora ya kuikinga saa dhidi ya sumaku umekwisha. Springi yake, inayoongoza mwendo wa saa, ni ya silikoni, ile ya chipu za kompyuta, na sehemu zake nyeti zimetengenezwa kwa madini yasiyonasa sumaku, kwa hiyo haihitaji kinga yoyote. Ni kazi ya kupigiwa saluti, sibishi.

Ila namba hiyo inanikera. Gausi 15,000 ni tesla 1.5, nguvu ya mashine ya MRI, ya kupiga picha za ndani ya mwili, ya hospitali nyingi. Nani huingia humo na saa mkononi, wakati mgonjwa mwenyewe huvuliwa hadi pete? Saa zetu huharibiwa na spika, kava la tableti, kifungo cha mkoba. Na sumaku ndogo hupoteza nguvu upesi mno: umbali ukizidi mara mbili, hubaki takriban moja ya nane. Kweli, kiwango cha kimataifa cha saa zinazostahimili sumaku, ISO 764, takriban gausi 60, ni kidogo. Saa ikilazwa juu ya spika hakitoshi. Lakini kutoka 60 hadi 15,000 kuna nafasi kubwa, na jibu la katikati lilipatikana zamani.

Kampuni ya IWC ilitoa saa ya Ingenieur mwaka 1955, Rolex ikafuata na saa ya Milgauss ya gausi 1,000. Mashine ya saa ilifungiwa ndani ya kasha la pili, la chuma laini, na sumaku ikapitia kwenye chuma hicho kama maji ya mvua kwenye mfereji wa paa. Saa ikawa nene, nzito, na kwa nyuma huoni kitu. Wanaoicheka kwa hilo wana haki yao.

Wanachosahau ni meza ya fundi. Springi ya chuma, kama ya saa hizo za kasha, ikinasa sumaku, mizunguko yake hugandana, urefu unaofanya kazi hupungua, na saa hukimbia, pengine dakika kadhaa kwa siku. Fundi huilaza saa juu ya kifaa cha kuondoa sumaku, anabonyeza kitufe, anaiinua taratibu, basi. Springi hiyo ikipinda, huinyoosha kwa kibano. Ya silikoni hainyooshwi. Ikivunjika inatakiwa mpya kutoka kiwandani, na viwanda vingi vya Uswisi huwabania vipuri mafundi wa nje.

Anayefanya kazi karibu na sumaku kubwa anunue silikoni bila kusita. Anayenunua saa ya kumwachia mwanawe, namshauri achukue ya kasha la chuma.