Shemeji na Kifuniko

Harufu ndiyo iliyomponza shemeji. Alikuja kututembelea, akapewa chumba chenye dirisha kubwa, na dirishani mlikuwa na chupa yangu ya tope.

Si tope la hivi hivi. Ni safu ya Winogradsky, kwa jina la Sergei Winogradsky, Mrusi aliyeibuni miaka ya 1880. Unachota tope jeusi la ukingoni mwa bwawa, unatoa mawe na vijiti, unachanganya na gazeti lililochanwachanwa, kiini kimoja cha yai kwa ajili ya salfa, na maganda ya yai yaliyosagwa. Jaza robo tatu ya chupa ya kioo, shindilia hewa itoke, mimina maji yasimame sentimita tatu juu ya tope. Funika kwa plastiki iliyotobolewa, weka penye mwanga lakini si jua kali. Viini viwili usitie: salfa ikizidi utaambulia weusi mtupu.

Wiki sita hivi, dunia ya kale inajipanga yenyewe. Chini hakuna oksijeni. Bakteria wa huko wanapumua salfati (chumvi yenye salfa) badala ya oksijeni na kutoa hidrojeni salfaidi, ile gesi ya mayai viza, ambayo ikikutana na chuma inalitia tope weusi. Juu yao wapo wa kijani na wa zambarau: wanatumia mwanga, ila hula hiyo hidrojeni salfaidi badala ya kupasua maji, kwa hiyo oksijeni hawatoi. Wanaopasua maji ni sianobakteria wa kileleni. Hao ndio walioharibu hewa kwa kuitia oksijeni (waulize wa chini) takribani miaka bilioni 2.4 iliyopita.

Shemeji hakumuuliza mtu. Alitafuta kifuniko, akakikaza kwa nguvu zake zote.

"Shemeji, nimekusaidia. Hainuki tena!"

Wa chini hawakuacha kazi. Methani na kaboni dayoksaidi hunaswa ndani ya tope, mapovu yakalisukuma lote juu kama kizibo. Usiku kifuniko kikafyatuka. Nilimkuta shemeji kajifunga shuka, katapakaa, anakodolea dari.

Kesho yake akaniita kwa furaha: "Njoo uone, linajisafisha!"

Kweli weusi wa tope lililoruka darini ulikuwa unageuka hudhurungi. Ila lile tope halikuwa likijisafisha, lilikuwa likiota kutu: salfaidi ya chuma imekutana na hewa yenye oksijeni asilimia 21. Nikamweleza kwamba hata bahari za kale zilijaa chuma kilichoyeyuka, oksijeni ikakigeuza kutu, kikatuama chini, na miamba yake yenye mistari ndiyo inayochimbwa chuma leo kule Hamersley, Australia.

"Na wao walipaka rangi upya?"

Tulipaka sisi. Rangi ya maji haizibi kutu. Doa lilipenya siku ile ile. Ikabidi rangi ya mafuta, mikono miwili, kwa gharama ya shemeji.