Leza ya macho: kabla ya bei, niambie unafanya kazi gani

Vijana wenye miwani wakikutana jioni uwanjani Mkunguni, hapa Lamu, mmoja hakosi kuuliza: leza ya macho, ile ya kuachana na miwani, huko Nairobi ni pesa ngapi? Mimi bei naiweka mwisho kabisa. Nataka kujua kwanza jicho lako linakubali nini, halafu unaamka asubuhi kufanya kazi gani.

Maana watu husema "leza" kana kwamba ni kitu kimoja. Inayojulikana zaidi ni LASIK. Daktari hukata utando mwembamba juu ya konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, akaufunua kama ukurasa wa kitabu, leza ikachonga chini yake, kisha utando ukarudishwa mahali pake. Kesho yake wengi wanaona vizuri. PRK haina utando wa kukata. Ngozi ya juu ya konea huondolewa, leza ikapita, na ngozi ikaota upya kwa siku kadhaa. Siku hizo jicho linachonyota na kutoka machozi, na kuona sawasawa huweza kuchukua wiki. SMILE hupitia mkato mdogo tu wa pembeni, na kipande chembamba cha konea kikavutwa kutoka ndani. Ipo pia ICL, ambayo haichongi chochote: lenzi ndogo hutiwa ndani ya jicho, mbele ya lenzi ya asili. Hiyo huwafaa wenye namba kubwa ya miwani au konea nyembamba, na ikibidi hutolewa.

Sasa chukua mvuvi, au kijana wa mashindano ya mashua. Kamba inaruka, tanga linageuka ghafla, foromali, ule mti wa tanga, inampiga mtu usoni. Utando wa LASIK haushikani tena kwa nguvu zake zote za mwanzo, na pigo la jicho laweza kuuhamisha hata baada ya miaka. Mtu kama huyo akiniuliza, namwambia amwulize daktari wake kuhusu PRK au SMILE, na avumilie kupona taratibu. Haraka ya kurudi baharini isimchagulie.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni mafundi wetu. Chukua mshonaji wa kofia za vito, zile za vitundu vya kutarizi, aliyepita miaka arobaini; namba yake ni kutoa 3, yaani mbali haoni vizuri bila miwani. Mtazame akifanya kazi: anavua miwani, anaiweka pajani, anaileta kofia karibu na pua na kuzungushia uzi kitundu kimoja kimoja. Jicho lake bila miwani linaona wazi kwenye sentimita 33 hivi, palepale kofia ilipo. Mchongaji wa milango naye hivyohivyo. Ukimfanyia leza ya kuona mbali, ataitambua mashua ikitoka Shela, kisha atafute miwani ya kutungia uzi sindanoni. Lenzi ya asili ya jicho hukakamaa na umri, na hakuna kuchonga konea kunakozuia hilo. Madaktari wengine huacha jicho moja na namba kidogo ili lisaidie karibu, lakini hilo lijaribiwe kwanza kwa lenzi za kuvalia jichoni, maana si kila mtu hulizoea. Kwa fundi wa aina hii, rai yangu ni moja: abaki na miwani yake.

Wako ambao hawafai kabisa kwa sasa: aliye chini ya miaka 18, ambaye namba yake bado inapanda kila mwaka, mjamzito na anayenyonyesha. Mwenye macho makavu afikiri mara mbili, hasa kwetu huku ambako Kusi likivuma mtu anakula upepo na chumvi kutwa, na LASIK huzidisha ukavu kwa miezi. Na yule mtoto anayefikicha macho kila saa kwa mzio asipuuzwe. Kufikicha huko kunahusishwa na konea kupinda na kuchongoka, na konea ya namna hiyo haichongwi kwa leza. Ndiyo maana kipimo cha ramani na unene wa konea si cha kuruka, hata ukipewa punguzo gani.

Kisha kuna safari. Ukishatibiwa, daktari atataka kukuona kesho yake, na tena baada ya wiki moja hivi. Kwa mtu wa Lamu, basi la safari ndefu hadi Mokowe, gati la bara, kisha boti, si mahali pa kupeleka jicho bichi. Hesabu malazi ya siku za kutosha hukohuko, au usianze.

Udhu nao uulizwe mapema, kwa daktari na kwa shekhe wako, kwani siku za mwanzo maji hayatakiwi kuingia jichoni. Matone ya dawa mchana wa Ramadhani hayafunguzi kwa madhehebu yetu ya Shafii. Kuogelea baharini ni mpaka daktari aseme, na kwa kawaida hazipungui wiki mbili, hata kama maji yamejaa na wenzako wanaruka gatini.