Mtambo wa majitaka wa mtaa: gari litasimama wapi?

Masika yakishika Dar es Salaam, kuna kazi hufanyika usiku uswahilini bila kutangazwa: kutapisha choo. Shimo linatobolewa ubavuni, mvua inabeba, asubuhi watoto wanakanyaga yaliyobebwa. Wanaofanya hivyo si wapumbavu. Gari la kunyonya majitaka halipiti kichochoroni, na hata likipita, bei ya tripu moja si ya wapangaji wa chumba kimoja kimoja.

Ndiyo maana mtambo mdogo wa kusafisha majitaka ya mtaa una watetezi wengi, nami ni mmoja wao, kwa masharti. Bomba jembamba la inchi nne hupita uani kwa watu badala ya kuchimbiwa chini kabisa barabarani, mtindo uliokomaa Natal, Brazili, miaka ya 1980. Majitaka huingia kwenye tangi la chini ya ardhi lenye vyumba, yakipanda na kushuka kutoka chumba hadi chumba huku vijidudu visivyotaka hewa vikila uchafu. Mwisho hupenya kwenye kokoto zilizopandwa matete. Mteremko ukitosha, hakuna pampu. Umeme ukikatika, kazi inaendelea. Kulisubiri bomba kuu la mjini, lenye mitaro mirefu na vituo vya kusukumia, ni kusubiri miaka.

Wapinzani hutaja harufu na mbu. Hilo halinisumbui sana: tangi lina mfuniko, na maji hupita chini ya kokoto, si juu. Hoja ya uhaba wa maji ina uzito zaidi. Kaya inayonunua maji kwa ndoo humwaga lita mbili tatu chooni, na bomba litaziba. Dawa yake ni kuunganisha maji ya kufulia na kuogea, jambo ambalo wajenzi wengine hulisahau.

Ila hoja kubwa kuliko zote ni tope. Maji hutoka masafi kwa sababu uchafu umebaki nyuma. Tanzania inataka BOD, yaani kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu huitumia kuozesha uchafu ulio majini, isizidi miligramu 30 kwa lita kabla maji hayajamwagwa mtoni, na mtambo ukitunzwa vizuri unaweza kukaribia hapo. Mayai ya minyoo nayo huzama, yakakaa kwenye tope, yakiwa hai kwa miezi mingi. Tope hilo lisipotolewa kila mwaka hadi miaka mitatu, vyumba hujaa, na uchafu hupita moja kwa moja hadi kwenye matete. Anayesema mtambo huu "hauhitaji matengenezo" anauza.

Nani atalitoa? Gari lilelile lililoshindwa kuingia kichochoroni. Hapo ndipo mambo yanapogongana. Mteremko unataka mtambo uwe bondeni, kando ya mto, mahali pa bei rahisi panapofurika kila masika. Gari linataka uwe barabarani, kwenye kiwanja ambacho kila mtu anakitaka kwa fremu za maduka. Mtaa ukitoa eneo bure, mara nyingi ni lile la bondeni, na wafadhili hulipokea kwa makofi.

Mimi ningekubali mabomba mafupi zaidi na kaya chache zaidi, alimradi mtambo uwe mahali gari linafika hata mvua ikinyesha. Na ada ya kunyonya tope iingizwe kwenye mchango wa mwezi tangu siku ya kwanza, kabla watu hawajazoea kwamba choo ni bure.