Koleo au Nyuzi za Mteremko?

Sisi wa Kigoma tumezoea maporomoko ya udongo wakati wa mvua, si ya theluji. Hata hivyo, hoja inayowagawa wapanda milima wa Alps, huko Ulaya, inatuhusu, kwa kuwa nao, kabla ya kupita kwenye mteremko wa theluji, hujiuliza kipi kiaminiwe zaidi, uchunguzi wa mahali penyewe au kanuni ya jumla.

Wanaotetea uchunguzi wana hoja nzito. Poromoko linaloua wasafiri wengi ni bamba la theluji linaloteleza juu ya tabaka dhaifu lililofukiwa, ambalo mtu aliyesimama juu halioni. Kwa hiyo huchimba shimo, hutenga nguzo ya theluji yenye sentimita 90 kukatisha mteremko na 30 kuelekea juu ya mteremko, huweka bapa la koleo kwenye ncha yake moja, kisha hulipiga mara kumi kwa nguvu ya kifundo cha mkono, kumi kwa kiwiko na kumi kwa bega. Ufa ukikimbia hadi ncha ya pili, hakuna cha kujadili: wanageuza.

Wapinzani wao husema kwamba shimo ni la mahali pamoja tu, ilhali theluji hubadilika ndani ya hatua chache. Mvuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma, akitazama maji ya mwaloni hajajua upepo wa katikati ya ziwa. Mwinamo wa mteremko, kinyume chake, hupimika. Maporomoko mengi ya bamba huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na anayeikwepa amejiondoa kwenye sehemu kubwa ya hatari.

Kwa maoni yangu hawa wa pili wana nguvu zaidi. Shimo linaweza kumkataza mtu asipite, lakini halitoshi kumruhusu, na aliyetoka jasho kulichimba (binadamu ni yule yule) hupenda limpe ruhusa.

Ila kanuni yao nayo humponza anayepima alipokanyaga na kusahau kilicho juu yake. Huko Galtür, Austria, tarehe 23 Februari 1999, poromoko lilishuka hadi kijijini na kuua watu 31, baadhi yao katika eneo lililohesabiwa kuwa salama. Nyuzi 30 si kipimo cha udongo wetu, ambao hutegemea zaidi maji, mizizi na aina yake. Lakini anayenunua kiwanja tambarare chini ya kilima hapa Kigoma anapaswa kukagua pia mteremko ulio juu ya kiwanja hicho, hata kama ni mali ya mtu mwingine.