Umri wa Shujaa na Siku Ishirini za Jeraha

Wanaolalamikia ngano za kifantasia ambamo vijana wa miaka kumi na sita hutumwa kuvuka milima yenye majoka ili kuuokoa ufalme huleta hoja mbili kwa pamoja, ingawa hazilingani uzito. Ya kwanza ni kwamba jambo hilo haliaminiki, kwa kuwa ufalme wenye jeshi na baraza la wazee hauwezi kukabidhi hatima yake kwa vijana watatu wenye ramani. Ya pili ni ya kimaadili: kumpamba kijana mwenye upanga ni kuipamba vita mbele ya wasomaji wasiojua gharama yake.

Hoja ya kwanza haisimami. Falme hizi za kubuni zimeazima ngome na viapo vyake kutoka Ulaya ya Zama za Kati, ambako mtoto wa bwana alipelekwa kulelewa katika nyumba ya bwana mwingine akiwa na miaka 7 hivi, na alipofika 14 alikuwa mbeba silaha. Baldwin IV, mfalme wa Yerusalemu, alikuwa na miaka 16, tena akiugua ukoma, jeshi lake liliposhinda mapigano ya Montgisard mwaka 1177. Jeanne d'Arc, msichana aliyeliongoza jeshi la Wafaransa, alikuwa na miaka kama 17 mzingiro wa mji wa Orléans ulipovunjwa mwaka 1429.

Hoja ya pili inastahili heshima. Itifaki ya Hiari ya mwaka 2000 inayoambatana na Mkataba wa Haki za Mtoto inakataza kumwandikisha jeshini kwa lazima mtu aliye chini ya miaka 18, na hakuna mwandishi mwenye dhamiri atakayetaka ngano yake ivute upande mwingine. Hata hivyo, dawa inayopendekezwa, yaani kuwaongezea mashujaa umri au kuwapa walinzi watu wazima, inaondoa kile kinachozipa ngano hizi thamani. Katika nyingi kati yake, safari huanza kwa sababu wakubwa wamefungwa na viapo vyao au wamekwisha kuafikiana na dhuluma, na kijana ndiye pekee asiye na cheo cha kupoteza. Msomaji wa umri huo, ambaye maamuzi yote makubwa ya maisha yake hufanywa na wengine, hukutana na mtu kama yeye anayelazimika kupima neno la mfalme na kuamua kama ni la kutiiwa. Sijui aina nyingine ya hadithi inayomwamini kijana kiasi hicho.

Kasoro ninayoiona mimi haiko kwenye umri, bali kwenye jeraha. Mwaka 1403, katika mapigano ya Shrewsbury, mwana wa mfalme wa Uingereza aliyekuja kuwa Henry V alipigwa mshale usoni akiwa na miaka 16. Mti wa mshale ulipovutwa ulichomoka peke yake, na kigumba kikabaki ndani ya mfupa, kina cha sentimita 15 hivi. Tabibu John Bradmore alilipanua tundu la jeraha kidogo kidogo kwa vijiti vilivyozungushiwa kitani na kutiwa asali, akabuni koleo maalumu la kukinasa kigumba, akakitoa, kisha akaliosha jeraha kwa mvinyo na kuliuguza kwa siku 20 hadi lilipofunga. Hebu tufikirie siku hizo ishirini: homa inayoweza kuua wakati wowote, na kijana anayejua kwamba uso wake hautarudi kuwa ule wa zamani.

Ngano nyingi huziruka siku hizo. Mganga huweka kiganja, nuru humulika, na kufikia alfajiri shujaa yuko tena juu ya farasi. Hapo ndipo wakosoaji wana haki, maana uchawi unaofuta jeraha hufuta pia hatia ya aliyetuma. Mfalme hana la kujibu ikiwa kila aliyemtuma hurudi mzima. Lakini uchawi wenye bei, unaofunga kidonda na kuacha maumivu, au unaomponya mmoja kwa nguvu za mwenzake, humrejesha kijana mbele ya kiti cha enzi akiwa na swali, na baraza lililokaa salama ngomeni hulazimika kumsikiliza.