Kichwa Kilipita, Masikio Yakagoma

Kwa kuwa rafiki yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, ameshaisambaza habari hii kutoka Katuba hadi Kamalondo, mitaa ya hapa Lubumbashi, akidai kwamba nilinaswa nikimkimbia mdai, nalazimika kuieleza mwenyewe kabla haijafika mji wa Likasi. Tena si kweli kwamba nililia. Machozi yaliletwa na moshi.

Ninyi mnaofundishia nyumbani mnajua adha yake: mtu akikukuta nyumbani mchana, anakuhesabu miongoni mwa wasio na kazi. Hapa uani hakuna jirani ambaye hajawahi kuniambia, "Mwalimu, kwa kuwa uko tu, uniangalizie mbabula," yaani jiko la makaa. Siku ile nilikuwa na madaftari 14 ya wanafunzi wa darasa la sita wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa, nami nikaapa kwamba sitaangalia sufuria ya mtu. Nilimwagiza mpwa wangu anifungie kufuli kwa nje kuanzia saa nane hadi karibu na saa kumi, ili kila anayepita alione na aende zake. Ndani nilifuata utaratibu wa Mwitaliano Francesco Cirillo, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980 alianza kujipimia dakika 25 za kazi na tano za mapumziko kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Mimi nyanya ya namna hiyo sina, nilitegesha simu.

Mbinu ilifaa, na hilo sitalikana. Nilisahihisha madaftari tisa bila kuitwa hata mara moja. Nisilolijua ni kwamba mama jirani alikuja na maharage yake, na mpwa wangu, kwa adabu aliyofunzwa, akayapokea kwa niaba yangu, akaiweka mbabula chini ya dirisha langu, kisha akaenda kwenye mpira na ufunguo ukiwa mfukoni.

Harufu ya kuungua ilinifikia nikiwa kwenye daftari la kumi. Nilifungua dirisha, nikaita, nikanyamaziwa. Basi nikapenyeza kichwa kati ya nondo nione kama kuna mtu upande wa pili wa ua, na kikapita kwa wepesi, kwa sababu mwaka jana nilimsihi yule fundi apunguze nondo ili na bei ipungue. Wakati wa kukirudisha ndipo masikio yalipogoma. Nilivuta polepole, yakajikunja kuelekea mbele kama majani ya kabichi. Nikainamia kulia, taya likakwama. Nikainamia kushoto, nondo ikanikalia nyuma ya sikio, mahali ambapo sikuwahi kujua kwamba nina mfupa. Nikajiambia, kama mwalimu wa hesabu, kwamba kilichopita kwenda lazima kipite kurudi, kwa kuwa kipimo ni kilekile. (Msicheke. Nanyi mngeanza na hesabu.) Chini ya kidevu changu maharage yaliacha kutokota, yakaanza kutatarika, kisha moshi ukapanda moja kwa moja hadi puani. Nyuma yangu simu ikalia kunijulisha kwamba dakika 25 zimekwisha na ninaweza kupumzika.

Hapo wakaingia wanafunzi sita pamoja na baba wa mmoja wao, aliyekuja kulipa ada ya mwezi.

"Jambo, Mwalimu," wakakisalimia kichwa.

Yule baba alilitazama kufuli, akanitazama mimi, akalitazama tena kufuli.

"Mwalimu, ni nani amekufungia?"

"Ni mimi mwenyewe, papa."

Noti alizokuwa ameshazishika akazikunja taratibu, akazirudisha mfukoni.

Ningelimudu hilo, lakini nina pia mwanafunzi aliye Kinshasa, ambaye mama yake ni mzaliwa wa hapa, na nilikuwa nimemwambia somo litaanza saa kumi, yaani ya Kinshasa, ambayo kwetu Lubumbashi ni saa kumi na moja. Yeye, kwa heshima tu, aliichukulia kuwa saa kumi ya kwangu, akaingia darasani saa tisa ya kwao. Kompyuta niliiacha wazi mezani, ikilitazama dirisha.

"Mwalimu?" sauti ikatoka nyuma yangu. "Mbona tunaona suruali tu?"

Mengine yalikwenda haraka: mpwa alirudi, mlango ukafunguliwa, mawese yakamiminwa masikioni, fundi akaja na msumeno, akapiga picha kwanza, baba yule akasukuma, nikatoka. Shati lilikuwa jeupe. Maharage nimelipa. Ada imelipwa pia, ingawa mlipaji alikuwa mama mtu, naye hakuniangalia usoni.

Sasa fundi anaionyesha picha ile kwa wateja, akisema kwamba vyuma vyake hata mwenye nyumba hawezi kuvipita. Wawili wameshaagiza madirisha. Nimemdai kamisheni, mpaka leo hajanijibu.